Hapa Mashine Haiharibiki

Mota iliungua foleni ikiwa imefika barabarani. Mashine ya kusaga ikakohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Wanawake wakaanza kuinua ndoo zao za mahindi.

"Subirini kidogo, mama zangu! Kidogo tu!" mwenye mashine akawasihi.

"Kidogo gani, na nyumbani hakuna unga?"

Fundi aliikagua, akatikisa kichwa. "Hii imekufa, bosi."

Kesho asubuhi gari la shule lingekuja kuchukua unga. Shule ikiukosa, ingehamia kwa wasagaji wa mjini, na bila shule angefunga mlango. Mota mpya ilikuwa ndoto.

"Labda ile ya marehemu," fundi akasema kwa kusitasita.

Wakatazama ng'ambo ya barabara, kwenye mlango uliofungwa tangu walipomzika kaka wa bosi.

"Chuma chakavu kile? Si kila wiki kilikuwa kinazimika?"

Kweli kilizimika, tena asubuhi zenye wateja wengi. Kaka alikuwa akisimama mlangoni, unga mpaka kwenye nyusi, akiwapungia watu mkono: "Imeniharibikia tena. Vukeni kwa mdogo wangu."

Ndivyo biashara ya mdogo ilivyokua. Aliongeza chumba, akaajiri wapagazi, akaandika ukutani kwa herufi nyekundu zilizoutazama mlango wa kaka: HAPA MASHINE HAIHARIBIKI. Wafanyabiashara wenzake walipomwita kikaoni awaeleze siri ya kukua, aliwajibu, "Matunzo tu. Asiyejua matunzo mnamwona, amekaa pale nyuma."

Ukumbi ulicheka. Kaka naye alicheka.

Sasa mdogo alivuka barabara kichwa chini, fundi nyuma yake. Mjane wa kaka hakungoja aombe.

"Ufunguo huu hapa, shemeji. Chukua unachotaka."

Ndani, fundi alipangusa unga mkavu juu ya mashine, akamulika tochi.

"Marehemu alikuwa anatengenezewa na nani? Mimi hakuwahi kuniita."

"Alijitengenezea mwenyewe. Ubahili tu."

"Kwa spana ipi?"

Akaisogeza tochi karibu. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imeziba kila bolti, haina hata mkwaruzo.

Fundi akabonyeza swichi. Mashine ikaitika papo hapo.