Palipoachwa na Ufagio

Mwajabu alirudi kutoka sokoni akaikuta kanga yake kambani, safi, inachuruzika maji. Akaikimbilia ile pembe aliyoifunga fundo siku waliyohama. Fundo halikuwepo.

"Mama, mbegu zangu ziko wapi?"

"Mbegu gani?" Bi Hidaya, mama mkwe wake, alikuwa ameshika ufagio. "Mimi nimekuta makapi, nikayakung'uta hapo chini ya kamba."

"Hayo makapi ndiyo maua yangu ya zinia, mama."

Kila nyumba waliyopanga, Mwajabu aliyapanda maua hayo ya msimu mmoja, akavikausha vichwa vyake, akahama na mbegu. Hii sasa ilikuwa nyumba yao wenyewe, na mbegu zenyewe ndizo hizo zimemwagwa mchangani.

Bi Hidaya alipiga magoti, akachambua mchanga kwa vidole, akaambulia majani makavu. "Mwanangu, nimekuharibia."

"Hapo umeshafagia?"

"Ndiyo kwanza nilitaka kuanza."

Mwajabu akacheka, akamnyang'anya ufagio, akauegemeza ukutani. "Basi hujaharibu kitu."

Kesho yake asubuhi jirani alichungulia uani. "Shoga, pale chini ya kamba umepasahau!"

"Punguza sauti," alijibu Bi Hidaya bila kuinuka. "Pale wamelala wageni."

Akaendelea kufagia. Mistari ya ufagio ilikuja imenyooka ua mzima, ilipofika pale ikapinda taratibu, ikapazunguka.