Ndala ya Mama

"Yaani we mtoto umekata ndala yangu, ukamfungia baba yako iwe breki?"

"Mpira ni mpira, mama. Breki ilikwisha mpaka chuma, na mikate haisubiri mtu."

"Na akivunjika? Utamuunga na waya?"

Spana, kama mtaa ulivyomwita, akanyoosha shingo kutazama barabarani. Baba alishaondoka na kreti la mikate nyuma, baiskeli inashuka mteremko kama jiwe. Na kule chini lori la mchanga likaanza kurudi kinyumenyume, likaziba barabara yote.

Mama akamkamata mkono, kucha zikazama.

Baba akaminya breki. Vile vipande viwili vya ndala ya bluu, alivyovikaza Spana kwa waya, vikalia kama mbuzi. Baiskeli ikayumba, ikaserereka, ikasimama. Kati ya tairi na lori palibaki shubiri moja. Baba akageuka, akawapungia mkono. Hata mkate mmoja haukuanguka.

Spana akashusha pumzi.

Mama akamwachia mkono. Akavua ndala iliyobaki, akamtupia kifuani.

"Hiyo ya breki ya nyuma, fundi."

Akageuka, akaenda zake peku.