Wembe wa Siku Kubwa

"Huo wembe sishiki," alisema Kipara, mgongo ukutani. "Kaka, muite kinyozi yeyote wa mtaani. Mimi nitamkata."

"Ukimkata leo hatalalamika," alijibu shangazi yao.

Walikuwa kwenye korido, nje ya chumba cha baba yao. Kaka mkubwa alishika kikombe cha povu na kulikoroga polepole, kama mtu anayekoroga chai asiyokusudia kuinywa.

Ukoo ule ulikuwa na heshima zake. Wengine hurithi mashamba. Wao walirithi wembe mmoja na brashi iliyopungukiwa nywele kuliko wateja wake. Walikuwa vinyozi tangu babu wa babu, na jambo hilo halikutiwa doa hata na Kipara, ambaye utosi wake ulikuwa unang'aa tangu akiwa shuleni. Katika siku kubwa za maisha yake, mwanamume wa ukoo ule hakunyolewa na mtu baki. Mlango ulifungwa, mnyolewa akalala chali, na tangu wembe unapogusa ngozi hadi unapofutwa, chumbani halikusikika neno.

"Baba yenu alimnyoa babu yenu asubuhi ya mazishi," alisema shangazi. "Mvua inapiga, watu wanalia, mkono wake haukutikisika. Leo nyinyi wawili mnataka aguswe na mgeni? Basi semeni tu kwamba mila imeishia kwenu, nikatangaze huko nje."

Huko nje viti vya kukodi vilikuwa vimeanza kujaa. Gari lilikuwa getini, limepambwa maua. Jikoni dada yao alikuwa akilia huku akikata vitunguu, na hakuna aliyethubutu kumuuliza machozi yalikuwa ya nini.

"Wewe hata hulii," Kipara alimwambia kaka yake. "Una roho ya jiwe?"

Kaka hakuwa na roho ya jiwe. Alikuwa na ganzi, kama fizi baada ya sindano ya daktari wa meno. Ilianza miezi mingi nyuma, walipomzika mama yao, na kila mara alipojigusa moyoni aligusa nyama isiyokuwa yake.

Alifungua mlango, akaingia peke yake.

Baba yake alikuwa amelala chali, macho yamefumbwa, shuka jeupe hadi kidevuni. Suti mpya ilining'inia mlangoni mwa kabati. Alipaka povu mashavuni, akapaka na juu ya mdomo, ule mdomo uliokuwa ukimtania kila siku kwamba anashika mkasi kama mtu anayepogoa ua.

Kisha akaanza. Shavu la kulia. La kushoto. Sauti pekee ilikuwa ile ya wembe, kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria mbali sana.

Alipofika kooni, mkono ulisimama.

Alikumbuka asubuhi ya harusi yake mwenyewe, yeye ndiye aliyelala pale, na vidole vya baba vilivyonukia sabuni vikiinua kidevu chake. Alikuwa na hofu siku ile, na vidole vile viliiondoa bila neno. Sasa alingoja kitu chochote kije: uchungu, hata hasira. Hakikuja. Angeweza kuuweka wembe chini na kutoka, na mila yote ingekwisha hapo, bila kelele.

Lakini mkono ulijua kazi yake kuliko yeye. Uliinua kidevu cha baba kama alivyoinuliwa chake, ukavuta ngozi iliyolegea, ukashuka taratibu hadi mwisho.

Hakumkata. Alimpangusa kwa taulo, akaufuta wembe, akaukunja.

Mzee akafumbua jicho moja.

"Umeziacha za masikioni," alisema. "Ziondoe, mwanangu. Bibi harusi ana macho makali kuliko marehemu mama yako."