Sekunde Tisa za Mwisho

"Sauti ya mtu anayeongea haihitaji ubora wa muziki," fundi alisema. "Nikiibana hivi, itaingia kwenye simu za ukoo mzima. Na hapa naweka kiwango. Chochote kilicho chini yake ni kelele, kinakatwa."

Binti kitindamimba wa marehemu alikaza macho kwenye skrini. Mama alirekodiwa hospitalini siku ambayo yeye hakuwepo. Mistari mirefu ya sauti ilikuwa maneno aliyomwambia kaka. Mwishoni kabisa palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, sekunde tisa tu.

"Hapo anasemaje?"

"Anahema," kaka alijibu upesi.

"Mimi nasikia kama anamwita mtu," fundi alisema, vipokea sauti vikiwa masikioni. "Nikishusha kiwango, itabaki."

"Kaka, nakuomba nisikie. Miaka mitano mama hakulitamka jina langu."

Kaka alichekea puani. "Asiyekuwepo na lake halipo. Fundi, pandisha kiwango."

Fundi alimtazama dada, kisha akamtazama kaka, mwenye simu.

"Nihifadhi juu ya ile ya kwanza? Ukishafuta, hairudi."

"Juu yake. Simu imejaa."

Mstari wa kijani wa kuhifadhi ulianza kutambaa. Dada alinyoosha mkono kuvifikia vile vipokea sauti. Kaka aliudaka hewani, akakifunika kiganja cha dada kwa viganja vyake viwili, polepole, kama wafanyavyo watu wakitoa pole msibani, akakishikilia hivyo hadi mstari ukafika asilimia mia.