Udi wa Safari Ndefu

Bi Zuwena aliliweka boksi la udi juu ya mizani ya posta, akalinyoosha pembe kama anayempamba bi harusi. Lilikuwa boksi lake la kwanza kuagizwa na duka la ng'ambo.

"Kwa ndege ni siku chache," alisema Makame, karani wa dirishani. "Kwa meli ni rahisi, lakini litachukua miezi."

"Litie melini, mwanangu."

Makame akapunguza sauti, foleni isisikie. "Kama pesa zimepungua, Bi Zuwena, nitakujazia."

Bi Zuwena alicheka hadi mtandio ukamteleza. "Hazijapungua! Udi huu nimeusonga juzi, bado mchanga. Ukikaa gizani miezi hiyo ndipo utakapoiva. Wenye duka nimewaambia, nao wamekubali kungoja. Sasa nilipe ndege ya nini, na meli itaniivishia kwa bei ya chini?"

Makame akagonga muhuri, akalipeleka boksi kwenye gunia la meli.

Alipofika mlangoni, Bi Zuwena aligeuka. Makame alikuwa amesimama dirishani, macho ameyafumba, viganja vilivyobeba boksi vimefunika pua, anavuta taratibu harufu iliyobaki.

Na udi ule ulikuwa bado mchanga.