Bao la Kumi

Timu ya Wakongwe ilipewa penalti dakika ya mwisho. Wakongwe wakiifunga, wanatwaa ubingwa kwa tofauti ya bao moja tu. Golini alisimama Kombo, kipa wa timu iliyopanda daraja msimu huu na tayari imeshashuka. Mzunguko wa kwanza Wakongwe walimfunga mabao tisa, na kila bao nahodha wao, Tindwa, alimcheka: "Okota, kipa!"

Leo Tindwa alimsogelea, akanong'ona, "Niachie hili, kaka. Nyie mmeshashuka, mtapungukiwa nini?"

Kisha akaurudia mpira, akapiga. Yale tisa yalishamfundisha Kombo mguu ule hupiga wapi. Akaruka kushoto, akaudaka mpira.

Filimbi ya mwisho ikalia. Ndipo Kombo alipogeuka, akautupa mpira wavuni mwake mwenyewe.

"Haya, okota, kaka."

Mpira ukatulia nyavuni. Tindwa akabaki kuukodolea macho.