Madirisha ya Bi Zamzam

Shaka alifika adhuhuri kumhamisha mama yake, Bi Zamzam, akisema nyumba ile kuukuu itamuua kwa joto. Mama hakubishana naye. Alimfungulia mlango, akaufunga upesi nyuma yake.

Ndani mlikuwa na kiza chepesi na ubaridi mtulivu. Shaka alijifuta jasho, akatafuta feni kwa macho, asiione.

"Mama, umefanyaje humu?"

"Alfajiri nafungua madirisha yote, upepo uingie. Jua likichomoza nafunga, nikianza na ya mashariki. Likishazama nafungua tena. Ndivyo nilivyowalea nyote."

Shaka alivua viatu, akajilaza sakafuni, shavu kwenye saruji. Bi Zamzam aliketi kando yake, kidevu juu, akisikiliza mabati ya majirani yakilia kwa kuchomwa na jua.